Barua yako ya Kiingereza: nani aikague kabla hujaituma?

Nafasi ya kazi imetangazwa, siku ya mwisho ni Ijumaa, na tangazo linataka barua ya Kiingereza. Hapo wengi wetu humkimbilia mtu wa kwanza anayesifiwa kwamba "anakijua Kiingereza", au tunabandika maneno kwenye programu ya kutafsiri na kutuma kilichotoka. Njia zote mbili zinaweza kukusaidia, na zote zinaweza kukukosesha kazi. Katika makala haya tunaeleza namna ya kupata msaada wa kutegemewa, hata kwa simu na bando dogo.

Programu hukosea wapi?

Programu za kutafsiri zina kasi, na mara nyingi sentensi zake husomeka vizuri. Shida ni maana. Kwa mfano, "saa tatu asubuhi" ni "9 a.m.". Ikitafsiriwa neno kwa neno, inakuwa "three in the morning", yaani saa tisa usiku!

Njia rahisi ya kupima ni kuchukua Kiingereza kilichotoka na kukirudisha kwenye Kiswahili. Maana ikibadilika, ujue kuna tatizo. Lakini kipimo hiki hakigundui kila kosa. Kiswahili husema "alinifundisha" kwa mwanamke na kwa mwanamume, ilhali Kiingereza hudai "he" au "she". Programu ikikosa dalili hubahatisha, na ukirudisha kwenye Kiswahili kosa halionekani. Maneno hayo mawili yakague kwa macho yako mwenyewe.

Msaidizi mzuri anatambulikaje?

Msaidizi mzuri hutoa sababu. Akibadilisha "I am working here since 2019" kuwa "I have worked here since 2019", atakueleza kwamba kazi iliyoanza zamani na bado inaendelea huandikwa hivyo panapokuwa na "since". Anayejibu tu kwamba "Wazungu ndivyo wanavyosema" hajakupa kitu cha kutumia kesho.

Pia hutofautisha kosa na chaguo. "Labour" na "labor" yote ni sahihi: la kwanza ni la Uingereza, la pili la Marekani. Shule zetu Afrika Mashariki hufuata la Uingereza. Muhimu ni kutochanganya mitindo miwili katika barua moja.

Wapi pa kuhakikisha?

Usitegemee jibu la mtu mmoja. Hizi hapa sehemu za kulinganisha, na kuzisoma mtandaoni ni bure, gharama yako ni bando:

- BBC Learning English, inayofundisha lugha hii tangu 1943.
- LearnEnglish ya British Council, yenye masomo ya sarufi kuanzia ngazi ya chini.
- Oxford Learner's Dictionaries, kamusi ya wanaojifunza. Maneno mengi yana mifano ya sentensi. Hapo utaona kwamba "lend" ni kumwazima mtu kitu, na "borrow" ni kuazima kutoka kwake.
- Purdue OWL, ya chuo kikuu kimoja cha Marekani, iliyo mtandaoni tangu 1994. Ina mifano ya barua za kuomba kazi.

Pasipo na mtandao, tafuta Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya karibu naye anaweza kukusomea ukurasa mmoja. Mpelekee mapema, si Alhamisi jioni.

Kabla ya kutuma

Anayekukagulia arekebishe lugha tu, si habari zako. Akikuongezea cheti usichonacho au miaka ya kazi usiyoifanya, kwenye usaili utakayeulizwa ni wewe. Usimtumie mtu usiyemfahamu namba ya kitambulisho wala picha za vyeti. Kukagua sarufi hakuhitaji vitu hivyo.

Mwisho, isome barua kwa sauti. Kila neno usiloweza kulieleza kwa Kiswahili, libadilishe kwa neno jepesi zaidi. Barua fupi unayoielewa yote ni salama kuliko barua ya maneno makubwa uliyoandikiwa.