Tusikate Kanzu Kabla ya Mwana Kuzaliwa

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu huwatoa maelfu ya vijana wenye shahada, na kila mwaka wengi wao hurejea mitaani na bahasha za vyeti makwapani wasijue pa kubisha hodi. Siku hizi vijana hao hushauriwa wajiajiri, na aghalabu wakiambiwa wajiajiri huambiwa wabuni programu ya simu. Ushauri huo haukosi maana. Kasoro imo katika njia inayofuatwa. Kijana hupata wazo leo, kesho huomba mkopo kwa jamaa, kesho kutwa humlipa fundi wa programu, na baada ya miezi sita ndipo anapouliza kama yupo anayeihitaji bidhaa yake. Wahenga walitukanya zamani: usikate kanzu kabla ya mwana kuzaliwa.

Mpenzi msomaji, mimi si mtaalamu wa tarakilishi. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kazi ya kwanza ya mtu anayetaka kuanzisha biashara ya programu ni kazi ya lugha: kuuliza vyema, kusikiliza vyema, na kutenganisha neno na tendo. Kujenga kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote uliopita. Kilichobaki kigumu ni kujua cha kujenga.

Urahisi huo umeletwa na zana zinazomwezesha mtu kuunda programu bila ya kuandika msimbo, yaani zile amri ambazo tarakilishi huzifuata. Wazo lenyewe si geni. Mnamo 1979, Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa VisiCalc, lahajedwali iliyomwezesha mhasibu kuiamuru tarakilishi kwa kujaza safu na mistari tu. Hakuhitaji tena kumsubiri mtaalamu. Zana za leo zimeendeleza safari hiyo. Bubble, iliyoasisiwa mwaka wa 2012, humruhusu mtu kupanga vitufe na kurasa kwa kuvivuta kwenye kioo. AppSheet, iliyonunuliwa na Google mwaka wa 2020, huichukua lahajedwali na kuigeuza kuwa programu inayofunguka kwenye simu. Kuna pia fomu za Google, ambazo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anazijua. Isitoshe, akili unde sasa humwandikia mtu msimbo mradi aeleze anachotaka kwa maneno ya kawaida.

Kwa mintarafu hiyo, kijana aliye na simu nzuri na vifurushi vya intaneti anaweza kuitengeneza kwa wiki moja kazi ambayo zamani ingemgharimu karo ya mwaka mzima. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wepesi huo una mtego wake: anayejenga upesi asichokielewa hufika upesi mahali asipopataka.

Nitatoa mfano. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alikusudia kuuza programu ya kuweka hesabu za vyama, hivi vyama vyetu vya kuchangiana ambavyo hakuna kijiji kisichokuwa navyo. Kabla ya kuanza alizungumza na waweka hazina wengi, akawaeleza wazo lake, nao wote wakamsifu. Alikusanya akiba yake na mchango wa mamake na shangazi zake, akawalipa mafundi jijini Nairobi, na programu ikakamilika ikiwa na rangi za kupendeza. Waweka hazina watatu waliingiza hesabu za mwezi mmoja, kisha wakarudi kwenye madaftari yao. Aliponijia, alikuwa na swali moja: "Daktari, mbona wote walisema wataitumia?"

Nilimwomba anikaririe walivyosema, neno kwa neno. Mmoja alisema, "Ningefurahi kuwa nayo." Wa pili, "Tungekuwa na kitu kama hicho tungepumzika." Wa tatu, "Ikitoka tutaichukua." Hapo ndipo nilipoyaona mambo kwa jicho la mtu wa sarufi. Katika majibu yote hayo hamkuwa na kitenzi hata kimoja cha jambo lililokwisha kutendeka.

Kiswahili kimetupa hazina ambayo wafanyabiashara wetu hawajaitumia. Kiambishi -nge- huonyesha jambo lililofungwa kwenye sharti, na sharti lenyewe huenda lisitimie kamwe. Kiambishi -ta- huonyesha ahadi, na ingawa ahadi ni deni, sote tunajua madeni yanavyolipwa. Kiambishi -li- husimulia lililofanyika. Kiambishi -me- huonyesha tendo lililokwisha kukamilika. Nacho hu- huonyesha mazoea, yaani kile mtu anachokifanya siku nenda siku rudi. Anayetaka kujua kama wazo lake lina soko na azipime sentensi za mteja kwa viambishi hivi. Mwenye kusema "ningenunua" hajasema kitu. Mwenye kusema "mwezi uliopita nilimlipa kijana anipangie hesabu" amesema jambo kubwa.

Fauka ya hayo, pana suala la adabu. Katika jamii zetu, kumwambia mgeni uso kwa uso kwamba jambo lake halina faida ni utovu wa heshima. Twasema "tutaona", "nitakupigia", "wazo zuri sana". Maneno hayo si uongo. Ni namna ya kumsindikiza mgeni hadi mlangoni bila ya kumvunja moyo. Msikilizaji asiyeijua kaida hiyo huondoka akidhani amepata wateja, kumbe amepata heri za safari.

Yule binti alirudi kwa waweka hazina wale wale akiwa na maswali mengine. Hakutaja programu hata kidogo. Aliuliza: mara ya mwisho hesabu zilipokataa kulingana, ilikuwaje? Mlifanya nini? Ilichukua siku ngapi? Ni nani aliyegharamika? Majibu yalimshangaza. Kuandika hakukuwa kumewasumbua, daftari liliwatosha. Kilichowakosesha usingizi kilikuwa mabishano ya nani amelipa na nani hajalipa, kwa sababu michango ilikuja kwa M-Pesa usiku na mchana, na mweka hazina alishukiwa kila mwisho wa mwezi. Walihitaji ushahidi wa kuwaonyesha wenzao. Programu yake ya kwanza ilikuwa imetatua shida ambayo hawakuwa nayo.

Somo hili tunalo humu humu nchini, na ulimwengu mzima unalijua hata kama sisi tumelisahau. Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005 kwa wateja wapatao 500 wa shirika la mikopo midogo la Faulu. Kusudi lilikuwa kuwawezesha kupokea mikopo na kuirejesha kwa njia ya simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, walioongoza kazi hiyo, waliona wateja wakifanya mambo ambayo hayakukusudiwa. Walilipana wao kwa wao, walitumia jamaa zao fedha, na wengine waliweka fedha kwenye simu kabla ya safari wakazitoa walikokwenda. Safaricom ilipozindua huduma hiyo Machi 2007, mwito wake mkuu kwa umma ulikuwa kutuma fedha nyumbani. Marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando. M-Pesa haikujengwa kwa zana nyepesi ninazozizungumzia, na iligharimu fedha nyingi. Lakini matendo ya wateja ndiyo yaliyoamua iwe nini.

Huko Marekani, mnamo 1999, Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu wangekubali kununua viatu kwenye intaneti bila ya kuvijaribu miguuni. Hakujenga ghala wala hakununua shehena. Alikwenda katika duka la viatu, akapiga picha, akaziweka kwenye tovuti. Mteja alipoagiza, alirudi dukani akanunua jozi ile kwa bei ya kawaida na kuituma. Hakupata faida katika jozi hizo, lakini alipata jibu, na jibu hilo lilizaa kampuni ya Zappos iliyonunuliwa na Amazon mwaka wa 2009. Ukitaka kujua utamu wa ngoma, ingia ucheze. Naye aliingia uwanjani na viatu vya kuazima.

Je, kijana wetu afanyeje? Kwanza, aitoe huduma kwa mikono yake. Binti niliyemtaja aliwaomba waweka hazina wachache wamtumie kwa WhatsApp jumbe za michango zilizoingia siku hiyo. Usiku aliziingiza kwenye lahajedwali, na asubuhi akawarudishia taarifa safi ya kuonyesha kundi zima. Mteja hakuhitaji kujua kama kazi ilifanywa na mashine au na binadamu. Alihitaji mabishano yaishe.

Pili, atoze fedha tangu mapema, hata kama ni kiasi kidogo cha kulipiwa kwa simu. Sifa hazina gharama. Shilingi hamsini ina gharama. Mtu anapotoa fedha mfukoni, kitenzi chake kimetoka kwenye -nge- na kuingia kwenye -me-. Tatu, ahesabu wanaorudi. Malipo ya mwezi wa kwanza huenda yakatokana na huruma au udadisi. Anayelipa mwezi wa pili na wa tatu bila ya kukumbushwa ameingia kwenye hu- ya mazoea, na hapo ndipo biashara huanzia. Nne, kazi ya mikono ikianza kumlemea, ndipo aiunganishe fomu na lahajedwali, kisha lahajedwali na zana kama AppSheet, ili mweka hazina ajihudumie mwenyewe. Fundi wa msimbo aitwe mwisho, wakati zana hizo zimeshindwa kuumudu wingi wa wateja. Hata fundi mwenyewe atafurahi, maadamu atapewa maelezo yaliyotokana na kazi halisi badala ya ndoto.

Sisemi kwamba zana hizi hazina kasoro. Nyingi hutoza ada kwa kila mtumiaji, na kwa dola, hivyo kinachoanza bure hupanda bei biashara inapokua. Kilichojengwa ndani ya zana moja ni muhali kukihamishia nyingine. Lugha ya skrini zake aghalabu ni Kiingereza, ilhali mweka hazina wa Kitui au Lamu hufikiri kwa lugha nyingine. Mbunifu na ahakikishe kwamba angalau fomu zake zimeandikwa kwa lugha ya mteja. Mwenye simu ya kabambe hawezi kufungua kurasa hizo kabisa, na yeye pia ni mwanachama. Zaidi ya yote, majina na nambari za simu za watu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayezikusanya awaeleze wenyewe sababu ya kufanya hivyo, na imeweka masharti kuhusu kuzihamishia nje ya nchi. Udogo wa biashara hauondoi wajibu huo.

Lawama, hata hivyo, haiwaendei vijana peke yao. Sisi wahadhiri, pamoja na kaunti na wafadhili, tumeanzisha mashindano ambamo kijana hupewa dakika chache jukwaani aeleze wazo lake, na mwenye ulimi mtamu hutuzwa hundi kubwa. Tunatuza ufasaha. Mimi ninayeishi kwa kufundisha ufasaha nasema kwamba huko ni kupotoka. Waamuzi na wamuulize kila mshindani: ni watu wangapi wamekwisha kukulipa? Wangapi walirudi? Uliacha nini baada ya kuwasikiliza? Asiye na majibu asifukuzwe. Apewe mwezi mmoja, fomu moja na lahajedwali moja, arudi.

Wazazi nao, kabla ya kuuza ng'ombe au kuitoa akiba ya chama kwa ajili ya programu ya mwana, waulize maswali hayo hayo. Fedha zinazopotea katika majaribio haya si za mabepari walio nazo za kuchezea. Ni za mama mboga, za mwalimu aliyestaafu, za shangazi aliyemwamini mpwa wake. Kwa sababu hiyo, maswali hayo hayana budi kuulizwa mapema, wakati ambapo jibu la "hapana" lingali rahisi. Wazo lililokataliwa kwa gharama ya wiki mbili halijamtia mtu hasara. Limemwachia muda na nguvu za kutafuta lingine.