Ndege wa Fataki kwenye mfuko wa saruji

FATAKI, Ituri – Korongo mwenye taji, yule wa katikati ya bendera ya Uganda, hahitaji pasipoti. Anaishi pia upande huu wa mpaka, mashariki mwa Kongo, kwenye mabonde ya majimaji na malisho ya ng'ombe. Tangu 2012 yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka: mabonde yanageuzwa mashamba, na vifaranga hukamatwa na kuuzwa.

Kuwaeleza wanakijiji haya katika wilaya ya Djugu, kaskazini mwa Bunia, si kazi ya kompyuta wala mabango ya rangi kutoka Kinshasa. Tangu mapigano yalipozuka upya mwishoni mwa 2017, familia nyingi zimehama, zimerudi, zikahama tena. Kifaa cha kufundishia hapa lazima kikunjike, kibebwe begani, na kikipotea kitengenezwe kingine.

Mfano upo tayari. Wahudumu wa afya vijijini wana kitabu cha picha kinachosimamishwa mezani: picha huwaelekea wasikilizaji, maelezo yako nyuma, mbele ya macho ya anayefundisha. Cha ndege kinaweza kutengenezwa kwa mifuko mitupu ya saruji iliyokatwa sawa na kushonwa kwa kamba, mkaa wa kuchorea, udongo mwekundu wa kupakia rangi na uji mzito wa muhogo badala ya gundi. Picha moja, jambo moja. Ukichora kiota, mwindaji na shamba kwenye ukurasa mmoja, kila mtu ataondoka na somo lake.

Korongo mwenyewe achorwe kwenye katoni kwa kimo chake halisi, karibu mita moja. Mtoto akisimama kando yake, hakuna haja ya kutaja vipimo.

Jina nalo lina uzito wake. Wahema wa kaskazini huzungumza Kilendu, sawa na majirani zao Walendu. Hivyo jina moja la ndege chini ya picha litasomwa na pande zote mbili zilizoumizwa na vita. Lakini mchoraji akimpa mwindaji sura au mavazi ya kabila fulani, amekwisha kuharibu kikao kabla hakijaanza.

Na jina liulizwe kwa wenyeji kwanza. Mwaka 1913, huko Avakubi katika msitu wa Ituri, Mmarekani James Chapin aliona kofia yenye unyoya asioujua, akauhifadhi. Zaidi ya miaka 20 baadaye, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa wenye manyoya kama hayo. Kibandiko kilisema ni tausi wachanga wa kawaida. Mwaka 1936 Chapin aliutangazia ulimwengu tausi wa Kongo. Aliyetengeneza ile kofia hakuwa na haja ya tangazo hilo.

Kibandiko cha makumbusho kilikaa na kosa lake kwa miaka. Cha mkaa hurekebishwa palepale: onyesha picha bila kusema neno, uliza watu wanaona nini. Bibi mmoja akisema miguu ni mifupi mno, au kwamba ndege huyo halali pale ulipomchora, chukua kitambaa, futa, mpe mkaa aonyeshe.