Otranto msimu ukiisha: Siku moja kwenye ncha ya mashariki ya Italia

MALINDI tumewazoea Waitaliano wa msimu. Kwao baridi ikianza wanashuka kwetu, mvua za Aprili zikikaribia wanapotea, na bichi boi anabaki kuhesabu madeni. Swali ambalo lilikuwa halinitoki ni hili: huko kwao, pwani yao huwaje wageni wakienda zao?

Jibu nililipata Otranto, mji mdogo kwenye kisigino cha ile buti ya Italia, mwezi wa Novemba.

Kutoka Lecce ni kama kilomita 45. Treni unabadilisha Maglie, na Jumapili usitegemee kupata nyingi. Dirishani ni mizeituni tu, ila mingi imekauka, kijivu kama kuni. Bakteria aitwaye Xylella aligunduliwa eneo hili mwaka wa 2013, na tangu hapo mamilioni ya miti imekufa. Shamba la babu linakufa, kijana anafanya nini? Anapanda treni kwenda kaskazini. Stori unaijua.

Mjini, hoteli nyingi zimefunga madirisha na viti vya ufuoni vimerundikwa vikafunikwa turubai. Mkahawa uliobaki wazi umejaa wazee wa hapo hapo. Kahawa wanakunywa wima kwenye kaunta, karibu bob 200 za kwetu, na kando yake pasticciotto, keki ndogo yenye krimu ya mayai ndani. Kula ikiwa moto. Mchana maduka yanafungwa, kwa hivyo kama una njaa, wahi.

Juu ya mji kuna ngome. Mwingereza Horace Walpole aliipa riwaya yake ya kutisha jina la ngome hii mwaka wa 1764, na hata hakuwa amekanyaga hapa. Kumbe kujifanya umefika mahali hakukuanza na Instagram.

Kilichonikamata kabisa ni sakafu ya kanisa kuu. Kati ya 1163 na 1165, mtawa Pantaleone alisimamia kazi ya kuijaza vijiwe vya rangi: mti mkubwa ulioegemea migongo ya ndovu wawili, safina ya Nuhu, Iskanda Mkuu, hata Mfalme Arthur. Wakati wa joto kali ungeitazama juu ya mabega ya watu. Novemba nilikuwa peke yangu na wale ndovu.

Kwenye kanisa dogo la pembeni, mafuvu ya binadamu yamepangwa nyuma ya vioo. Ni ya wanaume takriban 800 wa mji huu waliouawa mwaka wa 1480, jeshi la Waturuki wa Ottoman lilipouteka. Papa Francis aliwatangaza watakatifu mwaka wa 2013.

Ukiteremka bandarini utakuta kitu ambacho watu wengi wanakipita tu: mabaki ya meli yaliyochomekwa vioo. Hiyo ni Kater i Radës. Mwaka wa 1997 Albania ilichafuka baada ya miradi ya piramidi, zile za weka pesa upate mara tatu, kuporomoka na akiba za watu. Ijumaa Kuu ya Machi 28, meli hiyo iliyosheheni Waalbania wanaotoroka iligongana na manowari ya Italia iliyokuwa ikiizuia. Zaidi ya watu 80 walikufa, wengi wao akina mama na watoto.

Nilisimama hapo kitambo. Mimi niliacha chuo, na mtaani kwetu kila wiki kuna mtu ana "form" ya majuu au ya kuzalisha pesa. Meli hii ilibeba zote mbili.

Kutoka bandarini nilitembea kusini. Njiani kuna machimbo ya zamani ya boksiti, udongo mwekundu kama wa Tsavo umezunguka ziwa la kijani. Mbele zaidi ni Punta Palascìa, mnara wa taa ulio kwenye ncha ya mashariki zaidi ya Italia yote. Mkesha wa mwaka mpya watu hukusanyika hapa kulipokea jua kabla ya Mtaliano mwingine yeyote.

Upepo ulikuwa mkali na anga safi, na ng'ambo niliona milima ya Albania. Ni kama kilomita 70 tu.

Ukitaka kwenda, Novemba vyumba ni nafuu kuliko Agosti, lakini beba jaketi na uanze kurudi mapema, maana saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Viza ya Schengen ni euro 90, na ukinyimwa hurudishiwi.

Mimi nilivuka na karatasi. Mwaka wa 2024 Italia ilifungua vituo Albania vya kuwapeleka wahamiaji iliowaokoa baharini. Bahari ni ile ile. Siku hizi inawavusha wakirudi upande wa pili.