Pasi ya makumbusho: inaokoa pesa au inakula kwako?

Umepata safari ya Paris. Labda ni mkutano wa kitaaluma, labda unasoma Ujerumani na umeamua kuvuka mpaka kwa siku mbili tatu. Unashika simu kupanga matembezi, na mara unakutana na tangazo: lipa mara moja tu, ingia kwenye makumbusho na majengo ya kihistoria zaidi ya 50. Hiyo ndiyo Paris Museum Pass, inayouzwa kwa saa 48, 96 au 144. Moyo unasema nunua. Je, hesabu inasemaje?

Tutatumia Paris kama mfano, ila njia ya kufikiri ni ileile kwa jiji lolote linalouza pasi za aina hii.

Kwanza, jumlisha

Tuchukue bei za mwaka 2024. Pasi ya saa 48 ilikuwa yuro 62. Sasa angalia viingilio vya sehemu nne ambazo wageni wengi huzitaka:

- Louvre: 22
- Musée d'Orsay: 16
- Arc de Triomphe: 16
- Sainte-Chapelle: 13

Jumla ni yuro 67. Ukienda kote kunne ndani ya saa 48, umeokoa yuro 5. Ukiacha sehemu moja tu, hata ile ya bei ndogo kuliko zote, ungelipa 54 bila pasi. Hapo pasi imekula kwako yuro 8.

Watu wengi huishia hapa: 67 ni kubwa kuliko 62, basi nunua. Lakini hesabu hiyo ina dhana iliyojificha, kwamba kila ulichokipanga kitafanyika.

Pili, weka uwezekano

Safari ina mambo yake. Treni inachelewa, mvua inanyesha, miguu inauma, rafiki anakualika chakula cha mchana kinachoisha saa kumi. Tuseme kila sehemu kwenye orodha yako ina nafasi 8 kati ya 10 ya kutembelewa kweli. Bila pasi, matumizi yako ya wastani yatakuwa 0.8 × 67, yaani yuro 53.6. Mwenye pasi ameshalipa 62, aende asiende.

Ili pasi ilipe, uwezekano huo lazima upite 62 ÷ 67, ambayo ni karibu asilimia 93. Kwa maneno mengine, uwe na hakika karibu kamili na mpango wako. Hapa ndipo siri ilipo: anayelipa sehemu moja moja ana uhuru wa kubadili mawazo, na uhuru huo una thamani ya pesa. Mwenye pasi ameuuza kwa yuro 5.

Linganisha na bando la intaneti. GB 10 za siku moja zinaweza kuonekana rahisi kwa kila GB, lakini ukitumia GB 2 na usiku wa manane ukafika, bei halisi ni ile uliyolipa kugawanya kwa 2, siyo kwa 10.

Kwa nini tunajidanganya?

Wanasaikolojia Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti mwaka 1994 juu ya wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu. Waliwauliza watamaliza lini. Wastani wa makadirio yao ulikuwa siku 33.9. Muda halisi? Siku 55.5. (Kama nawe una tasnifu mezani, pole.) Tukipanga, tunaona picha ya siku inayokwenda sawa, hatuoni vikwazo. Mtalii hufanya vivyo hivyo anapoandika makumbusho manne kwa siku mbili.

Utafiti mwingine unagusa pochi moja kwa moja. Mwaka 2006 wanauchumi DellaVigna na Malmendier walichambua rekodi za wanachama wa vituo vya mazoezi nchini Marekani. Waliolipa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walihudhuria mara 4.3 hivi kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 17 kwa kila ziara. Na kumbe wangeweza kununua tiketi ya mara kumi na kulipa dola 10 tu kwa ziara! Walinunua picha ya mtu waliyetaka kuwa.

Pesa ikishatoka

Tatizo la pili huja baada ya kununua. Pesa hairudi, kwa hiyo haipaswi tena kuamua ufanye nini leo mchana. Lakini sisi binadamu hatuko hivyo. Arkes na Blumer, mwaka 1985, walieleza jaribio ambalo wanunuzi wa tiketi za msimu wa tamthilia waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walilipa bei kamili, wengine wakapunguziwa. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi, ingawa tamthilia zilikuwa zilezile.

Ndivyo unavyomkuta mtu anapita mbiombio mbele ya michoro ya Monet huku macho yako kwenye saa, ili pasi "ilipe". Saa zako chache za Paris nazo ni gharama.

Yasiyoonekana kwenye tangazo

Mambo haya yanaweza kugeuza jibu lote:

- Mnara wa Eiffel haumo kwenye pasi hii.
- Louvre inataka uweke nafasi ya muda maalumu hata kama una pasi. Nafasi zikijaa, pasi haikusaidii.
- Louvre hufungwa Jumanne, Orsay na kasri la Versailles hufungwa Jumatatu. Saa zako zinaendelea kuhesabiwa.
- Walio chini ya miaka 18 huingia bure sehemu nyingi zilizo kwenye pasi. Usimnunulie mtoto.
- Mkazi wa nchi za Umoja wa Ulaya aliye chini ya miaka 26 huingia bure makumbusho ya taifa. Kinachotazamwa ni ukazi, siyo uraia tu. Mkenya wa miaka 24 anayesoma Berlin na ana kibali cha ukazi anaingia Louvre bila kulipa. Kwake pasi ni hasara tupu.

Je, kuna wakati inalipa?

Ndiyo. Mwaka huohuo wa 2024, pasi ya saa 96 ilikuwa yuro 77. Ongeza kasri la Versailles kwa yuro 21 kwenye orodha yetu, jumla inakuwa 88. Sasa una sehemu tano kwa siku nne badala ya nne kwa siku mbili, hakuna mbio, na uwezekano unaohitajika unashuka hadi asilimia 87.5. Pia ukiwa na pasi unaweza kuchungulia jumba dogo kwa dakika 20 bila kujuta. Mtu anayependa kuzunguka hivyo, na anayekaa siku za kutosha, inamfaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika sehemu ambazo ungezilipia hata kama pasi isingekuwepo. Toa zile unazoingia bure na zile zitakazokuwa zimefungwa siku zako. Jumlisha kwa bei za sasa, maana zinabadilika: mwanzoni mwa 2026 Louvre ilipandisha kiingilio hadi yuro 32 kwa wageni wanaotoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Kisha zidisha jumla kwa 0.8. Kama jibu bado linazidi bei ya pasi, nunua. Kama halizidi, kata tiketi moja moja, na ikifika alasiri miguu imechoka, kaa zako kando ya mto Seine bila deni na mtu.