Mvi si ugonjwa: sababu za kuziacha zikae kichwani kwako

Mada yetu ya leo ni mvi. Huenda utasema hili ni jambo la urembo, halistahili nafasi kwenye ukurasa wa afya. Subiri kidogo. Ndugu zetu waliofika Guangzhou mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakiwa na miaka 25 au 30, leo wako kwenye miaka ya 50 au wanaikaribia. Mvi zimeshabisha hodi. Wengi wao hupaka kanta kila baada ya wiki tatu au nne, na hawajawahi kujiuliza kuna nini ndani ya pakiti ile. Kanta kwetu hapa ni rahisi kupata: iko kwenye saluni za Xiaobei, na iko kwa jumla kwenye masoko ya vipodozi ya upande wa Sanyuanli. Kwa baadhi ya watu rangi hiyo ni hatari kweli, na wengine huijua hatari hiyo siku wanapoamka uso umevimba na macho hayafunguki.

Lengo la makala hii si kumkataza mtu. Lengo ni kukueleza kwamba mvi zenyewe hazina madhara, kwamba rangi inaweza kuwa nayo, na kwamba kuziacha ni uamuzi unaowezekana hata hapa ugenini.

MVI ZINATOKA WAPI?

Kila unywele huota kutoka kwenye shina lake ndani ya ngozi. Kwenye shina hilo kuna seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini, ileile inayoipa ngozi yetu weusi wake. Seli hizo zina akiba ya seli mama. Akiba ikipungua, au seli mama zikishindwa kufanya kazi yake, unywele unaendelea kuota kama kawaida lakini bila rangi. Huo ndio mvi. Unywele haujafa wala hauumwi.

Kinachoamua utaanza lini ni urithi zaidi kuliko kitu kingine. Kama baba au mama alianza mapema, usishangae nawe ukianza mapema. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha University College London walitangaza kwamba wameitambua jini iitwayo IRF4 kuwa na uhusiano na kuota mvi. Kwa wastani Wazungu huanza kwenye miaka ya katikati ya 30, watu wa Asia mwishoni mwa 30, na sisi Waafrika katikati ya miaka ya 40. Mwafrika huhesabiwa kuwa ameota mvi mapema akianza kabla ya miaka 30.

Je, ni kweli kwamba mawazo huleta mvi? Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard walionyesha kwa panya kwamba msongo mkali huamsha mishipa ya fahamu inayomaliza akiba ya seli za rangi. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha Columbia walionyesha kwamba kwa watu wachache baadhi ya nywele zilirudisha rangi baada ya msongo kupungua. Usiisubiri bahati hiyo, lakini ukweli ni kwamba usingizi wa kutosha na kupunguza presha ya kontena na madeni vina faida kwako kuliko kanta. Kuvuta sigara nako kunahusishwa na mvi za mapema.

Halafu kuna lile la “ukingoa mvi mmoja zinaota kumi”. Si kweli. Ila kungoa ngoa kunaumiza shina la unywele, na mwisho unaweza kubaki na upara mahali hapo.

WAKATI GANI UMWONE DAKTARI

Mvi za kawaida hazihitaji hospitali. Nenda kapime damu kama zimeanza kabla ya miaka 30 na kwenu hakuna urithi huo, au kama zimekuja pamoja na uchovu usioisha, ganzi ya mikono na miguu, kuongezeka au kupungua uzito bila sababu, au mabaka meupe kwenye ngozi. Upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo yanaweza kuleta mvi, na yote mawili yana tiba. Wenye kisukari wanaotumia dawa ya metformin kwa miaka mingi wawe waangalifu zaidi, kwa sababu dawa hiyo inaweza kushusha B12.

NDANI YA KANTA KUNA NINI?

Rangi nyingi nyeusi za kudumu zina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ndiyo inayoleta ule weusi wa makaa. Ndiyo pia inayoongoza kwa kuleta aleji kati ya kemikali za rangi ya nywele. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa aleji za ngozi cha Marekani kiliichagua PPD kuwa kisababishi cha aleji cha mwaka huo.

Tabia ya aleji hii ndiyo inayowaponza watu. Unaweza kupaka miaka kumi bila tatizo, mwili ukiwa unajifunza polepole kuichukia kemikali hiyo. Siku moja unapaka kama kawaida, na baada ya siku moja hadi tatu kichwa kinawasha, masikio yanatoa maji, macho na uso vinavimba. Kuanzia hapo mwili hausahau. Kila utakapopaka tena, hali inaweza kuwa mbaya kuliko mara iliyopita.

PIKO YA HARUSINI

Hili linatuhusu sana sisi watu wa pwani. Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko, mabibi harusi na wageni wao huchorwa piko mikononi na miguuni. Hina ya asili haitoi weusi. Inatoa rangi ya machungwa au wekundu wa kahawia, na inahitaji saa kadhaa kukolea. Ile nyeusi tititi inayokolea haraka mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele, yaani PPD ileile, na kwenye piko inaweza kuwa kali kuliko inayoruhusiwa kwenye nywele.

Kwa hiyo jiulize: je, uliwahi kuchorwa piko ukawashwa, ukatoka malengelenge, au ukabaki na alama ya mchoro kwenye ngozi? Kama jibu ni ndiyo, mwili wako huenda tayari una aleji ya PPD, hata kama ilikuwa miaka 15 iliyopita. Mtu wa namna hii ndiye anayeweza kupata madhara makubwa siku ya kwanza kabisa anapopaka kanta. Kwako wewe kuacha mvi zako ni suala la usalama.

Na pakiti zilizopo nyumbani ziwekwe mbali na watoto. PPD ikimezwa inavimbisha koo na kuharibu figo, na inaweza kuua. Madaktari wa Khartoum, Sudan, waliandika mwaka 1992 kuhusu watoto waliopata sumu ya hina iliyochanganywa na PPD.

NA SARATANI JE?

Tuseme ukweli bila kutishana. Mwaka 2019 ulitolewa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 46,709. Wote walikuwa na dada aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Kati yao, wanawake weusi waliopaka rangi ya kudumu mara kwa mara, yaani kila wiki 5 hadi 8 au kwa kasi zaidi, walipata saratani ya matiti kwa kiwango kilichozidi cha wasiopaka kwa asilimia 60. Kwa wanawake wa Kizungu tofauti ilikuwa ndogo, asilimia 8. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Marekani, wa wauguzi zaidi ya 117,000 ambao wengi wao ni Wazungu, haukuona ongezeko kwa saratani nyingi. Kwa hiyo haijathibitishwa kwamba kanta inaleta saratani. Lakini mwanamke mweusi anayepaka kila mwezi ana sababu ya kupunguza. Na dada zetu na vinyozi wanaopaka wateja kutwa nzima wavae glavu na wafungue madirisha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya saluni kwenye kundi la kazi zinazoelekea kuleta saratani.

“DAWA” ZA KURUDISHA WEUSI

Ukionekana na mvi hapa, jirani au mteja wako Mchina anaweza kukushauri kwa nia njema kabisa: kula ufuta mweusi, au tumia heshouwu (何首乌). Ufuta mweusi ni chakula kizuri, kula tu, ila usitegemee urudishe rangi. Heshouwu ni jambo jingine. Ni mzizi unaouzwa kwenye maduka ya dawa za asili, kwa mfano soko la Qingping kule Liwan, na umesifiwa kwa karne nyingi kuwa unarudisha weusi. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya China yenyewe ilitoa tahadhari kwamba bidhaa za kunywa zenye heshouwu zinaweza kuharibu ini. Mwenye homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao si mgeni kwetu wala hapa China, asiiguse. Kama umeshaitumia na macho yamekuwa ya manjano au mkojo umekuwa wa rangi ya chai, acha mara moja uende hospitali.

HESHIMA, BIASHARA NA DINI

Wengi wanapaka kwa kuogopa macho ya watu. Mfanyabiashara anaogopa kuonekana amechoka. Mama anaogopa kuambiwa kajizeekea. Anayerudi nyumbani baada ya miaka mitano anaogopa ndugu watasema “China imemmaliza”.

Lakini tukumbuke tulikotoka. Kwetu mtu mwenye mvi hupewa shikamoo kabla hajafungua mdomo, na penye wazee haliharibiki neno. Mwalimu Nyerere hakuhitaji kanta ili asikilizwe, na Mzee Mandela alitoka jela mwaka 1990 na mvi zake dunia nzima ikimtazama. Hapa China viongozi wakubwa walijulikana kwa miaka mingi kwa nywele nyeusi tii, lakini mwaka 2019 vyombo vya habari viliandika jinsi Rais Xi Jinping alivyoonekana hadharani na mvi zake. Kwenye mazungumzo ya bei, muuzaji anamwona mwenye mvi kuwa ni mteja mzoefu, si mgeni wa kudanganywa.

Kwa ndugu zetu Waislamu, wanaojua habari ya Abu Quhafa, baba yake Abubakar, wanakumbuka kwamba Mtume alielekeza mvi zake zibadilishwe rangi, lakini weusi uepukwe. Wanazuoni wana maelezo yao, muulize sheikh wako. Hina ya asili bado ipo kwa anayetaka rangi, ila mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD asiitumie, kwani inaweza kuvunja chembe za damu.

JINSI YA KUZIACHA

1. Wanaume: njia rahisi ni kunyoa chini, halafu ziache ziote. Ndani ya wiki chache rangi ya zamani imekwisha.

2. Kina mama: nywele zetu hukua chini kidogo ya sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kupata sentimita 10 za mvi kunachukua mwaka na ushee. Suka, funga kilemba, na punguza ncha zenye rangi kidogo kidogo. Usisuke kwa kukaza sana, hasa mbele.

3. Usichanganye dawa ya kulainisha nywele na rangi kwa wakati mmoja. Nywele zinakatika na ngozi inaungua.

4. Nywele zenye mvi hukauka haraka. Osha kwa shampuu laini, paka mafuta ya nazi kidogo, na vaa kofia kwenye jua kali la Julai na Agosti.

UKIAMUA KUENDELEA KUPAKA

Basi paka kwa akili. Nunua yenye namba ya usajili inayoanza na maandishi 国妆特, na soma kama ina 对苯二胺, ambayo ndiyo PPD. Paka tone nyuma ya sikio usubiri saa 48. Kama uliwahi kuumizwa na piko, usijipime mwenyewe, nenda kwa daktari wa ngozi. Ukiwashwa wakati unapaka, osha mara moja. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usisubiri asubuhi: piga 120, chukua pasipoti na hela, maana hospitali nyingi hapa hudai malipo kwanza. Chukua na pakiti ya rangi, kisha onyesha sentensi hii: 我对染发剂过敏, yaani “Nina aleji ya rangi ya nywele”. Ihifadhi kwenye simu yako leo.

Ndugu msomaji, mvi hazikuondolei nguvu, hazikupunguzii siku za kuishi, wala hazihitaji tiba. Ukitaka kuziacha, ziache bila kumwomba mtu radhi. Na kama nyumbani kwako kuna dada, mke au binti aliyewahi kuumizwa na piko, mwambie habari hii kabla hajashika pakiti ya kanta.