Kidari cha Meko: Jina la Jiko na Ukarabati wa Nyumba Kongwe za Lamu

Anayenunua nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu aghalabu huanza ukarabati kwa jiko. Swali ninalolileta mbele yenu ni la kiisimu: je, jina la chumba laweza kumwelekeza fundi?

Jiko la nyumba hizi huitwa kidari cha meko. Neno la kwanza ni dari lililotiwa kiambishi ki- cha udogo. Lisichanganywe na kidari chenye maana ya kifua. Dari hapa si kile tunachokitazama tukilala chali, bali ni orofa ya juu, kama tusemapo "amepanda darini". Neno la pili ni wingi wa jiko: ma- na -iko, irabu a na i zikaungana kuwa e, sawa na jino na meno. Wasemaji wengi wa leo husema majiko, na meko wakaliachia mahali penye mafiga.

Jina, basi, latuonyesha mahali: chumba kidogo cha juu, penye moto. Wajenzi walipika juu kabisa, chini ya makuti, ili moshi na joto vitoke bila kupita vyumbani. Anayeliteremsha jiko hadi kando ya kiwanda (nao ni uwanja wa ndani ya nyumba, si mahali pa mitambo) huyageuza mambo: harufu ya vitunguu hupanda orofa zote.

Wapo wanaojibu kwamba kupanda ngazi ni taabu. Ni kweli, na tusiipambe historia: maji na kuni zilizofika kidarini zilipandishwa na watumwa na watumishi. Lakini leo ipo pampu. Kazi iliyokuwa ikiwachosha watu hufanywa na bomba, na sababu kubwa ya kuliteremsha jiko imeondoka.

Bomba lenyewe, hata hivyo, ni hatari. Kuta za matumbawe na chokaa hufyonza unyevu na kuutoa. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani na kuozesha vichwa vya boriti za mikoko vilivyopachikwa ukutani. Kwa hiyo lipu iwe ya chokaa, na mabomba yapite nje ya ukuta, yaonekane. Likivuja moja, mwenye nyumba ajue siku hiyo hiyo. Sakafu isiongezwe zege zito, kwani mzigo wote huo hubebwa na boriti. Ni boriti hizo pia zilizoamua upana wa vyumba, ambao kwa kawaida haufiki meta 3. Makabati mapana ya kisasa hayana nafasi humo; mashubaka ya ukutani yatumike kwa vyombo.

Kuhusu gesi, sina ugomvi nayo. Nani atataka kumrudisha mpishi kwenye moshi? Ila jiko la gesi lisiwekwe chini ya makuti matupu. Sehemu hiyo ya paa ibadilishwe kwa kitu kisichoshika moto, na pande za kidari ziachwe wazi kama zilivyokuwa, kwa kuwa gesi ikivuja nayo yahitaji pa kutokea.