Kwa Nini Machinga Hufukuzwa Uzunguni?



Kila mwaka vijana wetu wa Ruangwa na Nachingwea hufunga safari kwenda Dar es Salaam. Wengi hawana mtaji. Huanza kwa kuuza vitu mkononi. Ndio hao tunaowaita machinga. Watu wengi husema jina hili lilitokana na Wamachinga, watu wa huku huku kwetu kusini. Basi habari hii inatuhusu.

Tuchukue mfano. Kijana ametoka Mbekenyera. Anauza pakiti za korosho za kukaanga kando ya barabara, huko Oysterbay. Wenye magari wananunua. Mara mgambo wa manispaa hao! Korosho zinachukuliwa. Kijana anakimbia. Jioni hana nauli, na nyumbani mama yake anangoja pesa. Je, kosa lake nini?

Tuanze na historia. Wakati wa ukoloni, Waingereza waliugawa mji wa Dar es Salaam. Oysterbay ilikuwa ya Wazungu. Waafrika walikaa Kariakoo na Ilala. Mwafrika alikwenda Oysterbay kufanya kazi, kisha akarudi kwake. Uhuru tulipata mwaka 1961, lakini wazo lile halikwisha upesi. Mpaka leo, mtu mwenye kikapu huonekana kama anachafua mtaa wa wakubwa.

Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi. Watu wengi wa mjini walikamatwa na kurudishwa vijijini kwa kuwa hawakuwa na kazi iliyotambuliwa. Wachuuzi wengi walihesabiwa wazururaji, ingawa walikuwa wakifanya kazi tangu alfajiri.

Mwishoni mwa mwaka 2018 mambo yalibadilika. Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 mambo yaligeuka tena. Rais Samia aliagiza machinga wapangwe upya bila fujo, na vibanda vingi vya kando ya barabara za Dar es Salaam viliondolewa. Leo unaruhusiwa, kesho unaondolewa. Mtu atapangaje maisha yake hivyo?

Halmashauri nazo zina hoja. Wanasema njia za waenda kwa miguu huzibwa. Taka hutupwa ovyo, na uchafu huleta kipindupindu. Wenye maduka wanaolipa kodi na pango hulalamika. Hoja hizi si za uongo.

Lakini tuangalie upande wa pili. Katika nyumba kubwa wamo walinzi, watunza bustani na wasichana wa kazi. Wengi wao hula mchana kwa mama lishe, chini ya mti. Mama lishe akifukuzwa, hao nao watashinda na njaa. Akipelekwa soko la mbali, wateja hawamfuati. Matajiri wenyewe hununua madafu na matunda mlangoni. Basi machinga hajiendei tu huko. Anawafuata wanunuzi.

Sisi tunaona dawa si kufukuza. Dawa ni kutenga mahali karibu na wateja, penye maji, choo na pipa la taka. Na wachuuzi wenyewe waitwe kwenye mkutano kabla mahali hapo hapajachaguliwa.

Kijana wako akitaka kwenda, mweleze haya:

1. Aende kwanza ofisi ya serikali ya mtaa. Aulize ni wapi panaruhusiwa, na kitambulisho gani kinatumika sasa.

2. Akilipa ushuru au faini, adai stakabadhi. Aisome papo hapo. Je, kiasi kilichoandikwa ni sawa na alichotoa?

3. Mali ikichukuliwa, aombe karatasi inayotaja vitu vyote, na ofisi vilikopelekwa.

4. Ajiunge na wenzake. Mmoja akilalamika peke yake hasikilizwi. Kikundi chenye katibu na daftari husikilizwa.

Ndugu, haya yote yanataka kusoma na kuandika. Ndiyo maana tunasema kisomo ni ngao. Asiyesoma hupewa karatasi yoyote, akaitia mfukoni na kushukuru.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ni nani wangepata taabu kama machinga wote wangeondoka Oysterbay?

2. Katika gulio letu, wachuuzi wadogo tunawatendeaje?